Sanduku la Krenki na Msiba wa Reina del Pacifico, 1947

Sanduku la krenki lilipofunikwa kabisa, katika injini na katika kompresa, mafundi walinufaika: mafuta hayakurukaruka tena, wala vumbi halikuingia. Lakini kufunika kulileta tatizo jingine. Gesi inayopenya kando ya ringi za pistoni huongeza shinikizo ndani ya sanduku, na chuma kikipata joto kupita kiasi, mafuta hugeuka ukungu unaoweza kulipuka.

Tarehe 11 Septemba 1947, meli ya abiria Reina del Pacifico ilikuwa katika majaribio baharini, karibu na Belfast, baada ya matengenezo. Pistoni moja ilipata joto kali, ukungu ukawaka, na watu 28 wakapoteza maisha.

Msiba huo uliwafanya wahandisi wazitilie mkazo vali za usalama za sanduku la krenki. Vali hiyo hufunguka upesi kutoa shinikizo, kisha hujifunga mara moja, kwa sababu hewa mpya ikivutwa ndani huweza kuleta mlipuko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo, kulifunga sanduku hakukutosha. Ilibidi pia lijue wakati wa kufunguka.