Leseni Kwanza, Shahada Baadaye: Historia ya Elimu ya Marubani katika Eneo la Ziwa Tanganyika

Usafiri wa anga uliingia katika eneo la Ziwa Tanganyika kwa njia ya vita. Mwaka 1916 jeshi la Ubelgiji, likitumia ndege nne za aina ya Short zilizotolewa na Waingereza, ambazo zilikuwa na maboya badala ya magurudumu ili ziweze kutua majini, lilirusha mabomu juu ya Kigoma, bandari ya Wajerumani upande wa pili wa ziwa. Marubani wa enzi hizo walijifunza kazi yao kwa kuirusha ndege yenyewe, wakatahiniwa angani, kisha wakapewa cheti na klabu ya urubani ya nchi yao. Hakuna aliyewauliza walisoma chuo kikuu kipi.

Mtu anayelidhihirisha jambo hilo vizuri zaidi katika historia ya Kongo ni Edmond Thieffry. Alikuwa msomi wa sheria na wakili, akawa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1925, pamoja na wenzake wawili, aliiongoza safari ya kwanza ya ndege kutoka Brussels hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, safari iliyochukua siku 51. Shahada yake ilimfaa mahakamani, lakini juu ya jangwa na misitu kilichomfikisha ni ujuzi wa kusoma ramani, hali ya hewa na mitambo. Aprili 1929, akiwa katika kazi ya kuchunguza uwezekano wa kuanzisha safari za ndege za ndani ya koloni, alianguka na ndege na kufariki karibu na Ziwa Tanganyika.

Utaratibu wa kimataifa ulikuja baada ya Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1948, kinahusu leseni, yaani kibali cha dola kinachothibitisha kwamba mtu anaweza kukabidhiwa ndege. Kwa mujibu wa viwango vyake vya sasa, leseni ya biashara, ambayo humruhusu rubani kulipwa kwa kazi yake, humtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 akisoma katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, anayoihitaji kapteni wa ndege kubwa za abiria, hutaka miaka 21 na saa 1,500. Hutakiwa pia kufaulu mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari na kanuni za kuruka, pamoja na uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza. Shahada ya chuo kikuu haimo katika orodha hiyo.

Kongo ingekuwa katika hali ngumu kama ingekuwamo. Ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima ilikuwa na Wakongo wasiozidi 30 waliohitimu chuo kikuu, na Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa miaka 6 tu kabla ya hapo. Air Congo, iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa kushirikiana na Sabena ya Ubelgiji, ililazimika kuwategemea marubani wa kigeni, kwa kuwa ukoloni haukuwa umewaandaa wananchi kwa kazi hiyo.

Dhana kwamba shahada ni lazima inatoka zaidi Marekani, ambako kampuni kubwa, zikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, ziliitumia kama chujio. Delta iliishikilia hadi Januari 2022, ilipoacha kuifanya sharti. Baada ya ajali ya ndege karibu na Buffalo mwaka 2009, sheria ya nchi hiyo iliongeza saa za rubani msaidizi hadi 1,500, lakini ikaruhusu 1,000 kwa mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa, ingawa marubani wote wawili wa ndege iliyoanguka walikuwa wamekwisha kupita kiasi hicho cha 1,500. Huko, kwa hiyo, shahada hupunguza saa. Haichukui nafasi ya leseni.

Kwa kijana wa Rugenge au Kavimvira, mitaa iliyo kando ya ziwa katika Kivu Kusini, Kongo, ambaye uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu naye uko Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, vikwazo halisi ni vingine. Cha kwanza ni gharama, kwa sababu kila saa ya kuruka hununuliwa kwa mafuta, mwalimu na ndege. Cha pili ni lugha: tangu mwaka 2008 ICAO humtaka rubani wa safari za kimataifa athibitishe kiwango cha nne cha lugha ya mawasiliano ya redio, ambayo kwa sehemu kubwa ya dunia ni Kiingereza, ilhali shule za Kongo hufundisha kwa Kifaransa. Familia inayofikiria kuuza kiwanja ili kumsomesha mtoto urubani ingefanya vyema kumpeleka kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, kwani macho, moyo au masikio yanaweza kuifunga njia kabla ada haijalipwa. Diploma ya dola, inayopatikana mwishoni mwa sekondari, pamoja na hisabati na fizikia nzuri, ni msingi wa kutosha kuanzia. Shahada inabaki akiba yenye thamani kwa siku ambayo afya au soko la ajira litamwondoa rubani angani.

Shule ya urubani ya Soroti, nchini Uganda, ilifunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ikabaki mikononi mwa Uganda baada ya jumuiya hiyo kuvunjika mwaka 1977. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya mpya tangu mwaka 2022, na wawakilishi wa Kivu Kusini wanapaswa kudai ufadhili wa masomo huko kwa vijana wa ukanda huu wa ziwa, pamoja na mafunzo ya Kiingereza ya kuwatangulia.