Kumtabiri Mshindi Kabla ya Mbio

Tarehe 21 Aprili 1975, katika marathoni ya Boston, kijana Mmarekani aitwaye Bob Hall alianza safari ya kilomita 42 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa ameugua polio utotoni. Mkurugenzi wa mbio, Will Cloney, alimwahidi kwamba akimaliza ndani ya saa 3 atapewa cheti kama wakimbiaji wengine. Hall alimaliza kwa saa 2 na dakika 58, akapata cheti chake. Siku hiyohiyo Bill Rodgers alishinda mbio za miguu kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 55.

Miaka 49 baadaye, Aprili 2024, mbio zilikuwa za mji uleule. Sisay Lemma wa Ethiopia alishinda kwa miguu kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 17. Kwenye kiti cha magurudumu, Marcel Hug wa Uswisi alitumia saa 1, dakika 15 na sekunde 33. Kati ya washindi wawili wa miguu, Rodgers na Lemma, tofauti haifiki dakika 4. Kati ya Hall na Hug, tofauti inazidi saa 1 na dakika 40.

Mtu ambaye mwaka 1975 angeulizwa mshindi wa mwaka 2024 atatumia muda gani, angechukua penseli, akaangalia matokeo ya nyuma, na kwa upande wa miguu asingekosea sana. Kwa upande wa viti angepotea kabisa. Hakuwa na matokeo ya nyuma ya kuangalia, wala hakuweza kujua kwamba kiti kizito cha hospitali kingegeuka kuwa chombo chepesi cha magurudumu matatu, chenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali, na kwamba mwanamichezo angekisukuma kwa glovu ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Hilo ndilo tatizo linalowangoja wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaochagua kutafiti utabiri wa matokeo ya ushindi katika michezo ya kiwango cha juu ya watu wenye ulemavu. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: katika shindano hili, Paralimpiki ijayo, muda gani au umbali gani utatosha kupata dhahabu? Linaweza kusikika kama swali la wacheza kamari, lakini nyuma yake kuna fedha na maisha ya watu. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1997 imekuwa ikipeleka fedha za bahati nasibu ya taifa kwa wanamichezo, na mgawo wake umetegemea sana nani anatarajiwa kupata medali katika michezo ijayo au ile itakayofuata. Anayetabiriwa kufika hupata kocha, daktari na posho. Asiyetabiriwa hujitegemea.

Utabiri wa namna hii unataka vitu vitatu: matokeo mengi, ya miaka mingi, yaliyopatikana chini ya kanuni zilezile. Historia ya michezo hii imekuwa ikimnyima mtafiti vyote vitatu.

Tuanzie Stoke Mandeville, hospitali moja ya Uingereza. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikuwa akiwatibu hapo watu walioumia uti wa mgongo, wengi wao askari wa vita. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ilifunguliwa London, aliandaa shindano la kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Washiriki walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2. Michezo kwake ilikuwa sehemu ya tiba, na aliyemaliza siku akiwa na nguvu na matumaini zaidi alikuwa amefaulu. Nani angeshinda lilikuwa jambo dogo.

Mwaka 1960 michezo hiyo ilifika Roma, na baadaye ikahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Bado ilikuwa ya watu walioumia uti wa mgongo. Mwaka 1976, huko Toronto, wakaingia waliokatwa viungo na wasioona. Kila kundi lilikuja na madaraja yake, kwa kuwa si haki kumshindanisha aliyekatwa mguu mmoja na aliyepooza kuanzia kifuani. Madaktari waliyapanga madaraja kwa kufuata ugonjwa au jeraha. Kufikia mwaka 1984 mashindano ya medali yalizidi 900. Bingwa aliweza kupatikana kati ya watu wachache mno, na muda wake ukawa hauelezi mengi kuhusu muda wa bingwa atakayemfuata.

Katika miaka ya Barcelona 1992 mpango ukabadilika. Michezo mingi iliacha kuuliza mtu anaumwa nini, ikaanza kuuliza anaweza kufanya nini. Kwenye bwawa, aliyepooza miguu na aliyezaliwa bila mkono waliweza kuogelea daraja moja, mradi uwezo wao majini unalingana. Mashindano yakapungua na ushindani ukaongezeka. London 2012 yalikuwa 503. Kwa mwanamichezo ilikuwa hatua ya heshima. Kwa mtafiti, ilikuwa mkasi uliokata uzi wa takwimu katikati, kwa sababu daraja la kabla na daraja la baada hata yakifanana jina hayana watu walewale. Mkasi haujawekwa chini hadi leo. Mwaka 2018 riadha iliwatenganisha wanaokimbia kwa miguu bandia na wenye ulemavu wa miguu wasioitumia, na madaraja mapya yakaanza na kurasa zao nyeupe.

Hisabati ikikosewa hapa, anayeumia ni mtu. London 2012, katika kurusha kisahani kwa wanawake, madaraja mawili ya wenye ulemavu wa mwendo, F35 na F36, yaliunganishwa katika shindano moja. Ili kuwapima kwa haki, waandaaji walitumia mfumo wa pointi unaoitwa Raza. Mfumo huo huchukua matokeo ya zamani ya kila daraja, hutengeneza mstari uliopinda, kisha hubadilisha kila mtupo kuwa pointi, kwa kuuliza mtupo huu ni mkubwa kiasi gani kwa mtu wa daraja hili. Kwa maneno mengine, ni utabiri uliogeuzwa mizani. Mariia Pomazan wa Ukraine akatangazwa mshindi. Kisha ikagundulika kwamba takwimu zilizoingizwa kwenye hesabu hazikuwa sahihi. Hesabu ikarudiwa, na dhahabu ikaenda kwa Wu Qing wa China. Hakuna aliyerusha upya. Visahani vilikuwa vimeanguka palepale vilipoanguka, na mshindi amebadilika.

Hata pale ambapo takwimu ni safi, mbio zina akili yake. Rio 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kwa dakika 3:50.00, muda wa polepole kuliko wa bingwa yeyote wa mbio hizo tangu mwaka 1932. Wiki chache baadaye, katika fainali ya Paralimpiki ya daraja la T13, la wenye uoni hafifu, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa 3:48.29. Nyuma yake walikuwa Tamiru Demisse wa Ethiopia, Henry Kirwa wa Kenya na Fouad Baka wa Algeria. Wote wanne walikuwa chini ya 3:50.00. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba Paralimpiki imeishinda Olimpiki. Wajuao riadha walitulia. Olimpiki ile ilikuwa ya kuviziana, kila mtu akingoja mzunguko wa mwisho. Ile ya T13 ilikimbiwa kwa kasi zaidi. Dhahabu hutolewa kwa anayetangulia kufika, na muda unaotosha kushinda hutegemea wengine wameamua kukimbia vipi. Mwanafunzi atakayetabiri sekunde bila kutabiri mwendo atakuwa ametabiri nusu.

Kuna na jambo lisiloingia kwenye jedwali lolote. Henry Wanyoike, fundi viatu kutoka Kikuyu, Kenya, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Miaka 5 baadaye alikuwa Sydney, Paralimpiki yake ya kwanza, katika mita 5,000 za wasioona. Wakimbiaji wa daraja hili hufungwa kamba mkononi pamoja na mwongozaji anayeona, na mwongozaji haruhusiwi kuwavuta. Siku ile mambo yaligeuka: mwongozaji wake, John Kibunja, aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na ikambidi asiyeona amkokote anayeona hadi kwenye mstari. Walifika wa kwanza. Mwaka 2004, Athens, akiongozwa na Joseph Kibunja, Wanyoike alishinda mita 5,000 na 10,000.

Nani angemtabiri mtu huyo mwaka 1999? Hakuwa na historia ndefu ya mashindano ya kimataifa ambayo mtafiti wa Ulaya angeweza kuisoma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na usemi huo unafaa kubandikwa ukutani katika kila chumba kinachochakata takwimu za michezo hii. Mashindano yanayotambuliwa rasmi, ambako muda hupimwa na daraja la mwanamichezo huthibitishwa na wataalamu, hugharimu fedha nyingi. Nchi inayoyaandaa mara nyingi huonekana ina vipaji vingi. Nchi isiyoyaandaa huonekana haina kitu, hata kama kijana wake anakimbia kila alfajiri kwenye barabara ya vumbi, kamba mkononi.

Kwa hiyo kazi ya mtafiti huyu ina uzito kuliko jina lake linavyodokeza. Akitabiri vizuri, atamwonyesha kocha lengo la kweli, na atamzuia mkuu wa michezo kumtupa mtu ambaye bado miaka 4 afikie kilele chake. Akitabiri kwa pupa, atayageuza mapengo ya historia kuwa hukumu. Mbele ya daraja lenye matokeo machache, au nchi isiyo na matokeo, nafasi kwenye jedwali lake inapaswa kubaki wazi. Pengo huambia anayegawa fedha kwamba hatujui bado, aende akatazame. Sifuri humwambia kwamba hakuna mtu.