Duke Nukem Forever: miaka 14 ya kuisubiri gemu moja

Duke Nukem Forever, gemu ya kupiga risasi iliyotengenezwa Marekani, ilitangazwa Aprili 1997 na kufika madukani Juni 2011. Miaka hiyo 14 iliipatia nafasi katika kitabu cha rekodi cha Guinness, kwa kutengenezwa kwa muda mrefu kuliko gemu nyingine yoyote hadi wakati huo. Ilipotoka, wahakiki waliipa kwa wastani alama 50 hivi kati ya 100.

Sifa iliyofanya watu wasubiri ilitokana na mtangulizi wake, Duke Nukem 3D ya mwaka 1996. Walioitengeneza ni 3D Realms, kampuni ndogo ya Garland, Texas, iliyoongozwa na Scott Miller na George Broussard. Duke ni pande la mtu, mwenye miwani ya jua na mdomo mchafu, anayeukomboa mji wa Los Angeles mikononi mwa viumbe kutoka anga za mbali. Bunduki hazikuwa jambo geni. Gemu ya Doom ilikuwa nazo tangu 1993. Kilichowashangaza wachezaji ni mji wenyewe. Swichi ziliwasha taa, choo kilitumika, kioo kilimwonyesha Duke sura yake, na kuta zilibomoka zikilipuliwa. Miezi michache baadaye ilikuja gemu ya Quake, ambayo maadui zake walikuwa na maumbo kamili ya pande tatu, ilhali wale wa Duke walikuwa bado picha bapa. Tangu hapo 3D Realms walijiona wamepitwa, na hofu hiyo haikuwatoka tena.

Kwa hiyo walilipia leseni ya injini ya Quake II, yaani programu inayoiendesha gemu hiyo, kutoka kampuni ya id Software, wakaahidi kuitoa gemu mpya mwaka 1998. Mei mwaka huo trela yake ilionyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Atlanta na kushangiliwa sana. Wiki chache tu baadaye walitangaza kwamba wanahamia injini nyingine, Unreal, iliyofaa zaidi kwa maeneo ya wazi kama jangwa linalozunguka Las Vegas, ambako hadithi ingetokea. Wakadai kwamba kuhama huko kungewachelewesha kwa muda mfupi tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ilibidi ianze upya.

Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayegharimia gemu, na kwa kuwa fedha ni zake, ndiye anayeweka tarehe ya mwisho. 3D Realms walitumia fedha zao wenyewe: kwanza faida ya Duke Nukem 3D, kisha mapato ya gemu ya Max Payne, ambayo haki zake ziliuzwa kwa kampuni ya Take-Two mwaka 2002 kwa dola milioni 10 pamoja na hisa. Uhuru huo, ambao kila mtengenezaji huuota, ndio uliowaponza. Kila ilipotoka gemu ya wengine yenye jambo jipya, Broussard alitaka jambo hilo liwemo na kwenye Duke, na hapakuwa na mtu wa kumwambia basi. Aliyeuliza tarehe alijibiwa kwamba itatoka itakapokamilika. Mwaka 2006 Take-Two, ambao ndio wangeichapisha Duke, waliahidi nyongeza ya dola 500,000 endapo gemu ingetoka kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha bila gemu.

Trela ya 2001 ndiyo iliyowatia wengi matumaini makubwa kuliko zote. Ilionyesha Las Vegas iliyovamiwa, magari, na umati wa watu barabarani, kwa ubora ambao gemu chache za mwaka huo zilikuwa nao. Kisha kukawa kimya. Jarida la Wired, lililokuwa likitoa tuzo za dhihaka kwa bidhaa zilizoahidiwa zisitokee, liliirudia Duke mara nyingi hadi likaipa tuzo ya maisha mwaka 2003. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini hapa wachezaji walikwishaanza kucheka.

Mei 2009 fedha ziliisha na timu ikavunjwa. Take-Two wakafungua kesi dhidi ya 3D Realms. Baadhi ya waliofukuzwa waliendelea na kazi chini ya jina la Triptych Games, na mwaka 2010 Gearbox Software ya Randy Pitchford, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi na 3D Realms, ikachukua mradi na kuumaliza.

Kilichotoka kilionyesha enzi zake zote kwa pamoja. Duke wa 1996 alibeba ghala zima la silaha. Wa 2011 alianza na mbili tu, kwa mtindo uliozoeleka kutokana na gemu ya Halo ya 2001, na afya yake ilijirudia yenyewe akijificha kidogo. Kinachochekesha ni kwamba ndani ya gemu hiyo hiyo Duke anapewa vazi la chuma linalofanana na la shujaa wa Halo, akalikataa kwa kejeli. Kwenye konsoli, kusubiri hatua ipakiwe kulichosha. Hatua ya pango la viumbe, yenye wanawake waliotekwa na mizaha juu ya mateso yao, iliwaudhi hata waliokuwa wamevumilia mengine. Utani uliopita kwa vijana wa 1996 ulikuwa umechacha. Hata hivyo yapo mazuri: sehemu ambayo Duke amepunguzwa akawa kama mwanasesere, akiendesha kigari cha kuchezea kati ya rafu na meza, ina ubunifu ule ule wa mtangulizi wake.

Baada ya hapo mashabiki wengi waliamini kwamba gemu bora zaidi ni ile ya trela ya 2001, iliyofichwa mahali fulani. Mei 2022 toleo la mwaka huo lilivuja. Broussard alithibitisha kwamba ni halisi, akaongeza kwamba ndani yake hamna gemu ya kuchezeka, ila hatua za majaribio zilizo karibu tupu. Mashabiki wakaanza kuzikamilisha wenyewe.