Sahihi ya Marehemu

Kazi yangu ya kwanza pale ofisini ilikuwa kulinganisha sahihi. Mteja anataka kuuza hisa, ajaza fomu, mimi natoa faili lake la zamani kabatini nione kama mkono ulioandika leo ndio ule ulioandika 2006. Mara nyingi hazifanani. Mtu alifungua akaunti akiwa bado yuko bandarini, mkono mwepesi. Sasa amestaafu, amekaa zake Mtongwe, vidole vyatetemeka. Unamwambia, "Mzee, itabidi ujaze tena," naye akuangalia kama wewe ndiye uliyemuibia.

Nilikuwa nimeacha yunivasiti mwaka wa pili. Karo, si kitu kingine. Nikapata kibarua kisiwani kwa wakala wa dalali wa hisa, cheo changu msaidizi wa utawala. Maana yake chai, simu, fotokopi na kupeleka bahasha benki. Kila asubuhi natoka Likoni na umati wa feri, jioni narudi na umati ule ule.

Simu zikinyamaza nilikuwa nasoma mafaili, na ukisoma mafaili unaona historia ambayo haimo kwenye hotuba. Hotuba zinaanza na Francis Drummond, aliyefungua kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa Nairobi mwaka 1951, kisha soko lenyewe likasajiliwa 1954 kama chama cha madalali. Biashara ilifanyika kwa Wazungu tu. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua hadi baada ya uhuru. Yaani babu yangu angeweza kubeba magunia ya chai ya kampuni pale Kilindini mgongo ukapinda, lakini hisa moja ya kampuni hiyo hapana.

Kwa karani kama mimi, mwaka mkubwa kuliko huo ni 2004, na sijawahi kusikia mtu akiusherehekea. Kabla yake hisa ilikuwa karatasi. Cheti unakiweka chini ya godoro, na mwizi sharti aingie chumbani. Novemba 2004 vikaanza kuhamishiwa kwenye akaunti za CDS, na Septemba 2006 kompyuta zikachukua nafasi ya madalali waliokuwa wakipigiana kelele sokoni. Mambo yakawa mepesi, sikatai. Ila sasa mali ya mtu ni nambari, na anayeijua nambari hiyo ni kijana wa ofisini anayelipwa kidogo.

Halafu watu wakaja kwa wingi. Hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, na siku ya kwanza sokoni zikaruka hadi karibu 40. Hapo kila mtu akawa mtaalamu, kuanzia kinyozi hadi mwalimu wa madrasa. Lakini Francis Thuo, kampuni kongwe ya udalali, ikaanguka 2007. Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi, na wateja wakagundua hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Fikiria hilo lilivyofanyika kwa mikono. Kuna mtu alifungua faili. Kuna mtu alijaza fomu ambayo mwenyewe hakuiona. Si lazima awe mkubwa. Yawezekana alikuwa amekaa kwenye kiti kama changu, na chai pembeni.

Mwezi huo huo, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya uchaguzi, serikali ikatoa hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya laki nane wakaomba. Benki zikakopesha. Babangu alikuwa mmoja wao: akachukua mkopo, akaomba hisa 10,000. Waombaji wa kawaida walipewa karibu sehemu ya tano tu ya walichoomba, kwa hivyo akapata elfu mbili na ushei, na riba ya mkopo ikabaki pale pale. Bei ikateremka hadi chini ya shilingi 3. Nakumbuka nyumba ilivyonyamaza mwaka ule, ingawa nilikuwa mdogo na sikujua hisa ni nini.

Alifariki 2011. Sanduku la posta lilikuwa la kazini kwake, kwa hivyo hundi za gawio kama zilikuja, zilikuja kwa mtu asiyekuwepo.

Sasa sikia. Fomu yake ya zamani, ile mamangu ameihifadhi na vyeti vyetu vya kuzaliwa, ina stempu ya dalali yule yule tuliyekuwa tukimfanyia uwakala. Ijumaa moja mhasibu akaenda kuswali, akaacha mashine yake wazi. Nikaketi. Nikaandika nambari ya kitambulisho cha babangu, tarakimu zote nane. Hisa elfu mbili na kitu, pamoja na gawio la miaka yote hiyo, ni muhula mmoja wa karo, labda zaidi. Nilitaka kujua tu, nilijiambia. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

Nikafuta. Sijisifu: nusu ilikuwa dini, nusu ilikuwa kamera iliyo darini.

Nilipomsimulia Mama alikasirika. "Kwani waogopa nini? Si ni babako?"

"Mama, si faili langu."

"Haya. Basi ni la nani?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake haliko kwenye kompyuta ya mhasibu. Njia ya halali ni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha Mahakama ya Kadhi, na hati ikitoka ndipo urudi kwa dalali. Kama pesa zimekaa muda mrefu zitakuwa zimepelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na huko nako kuna fomu yake. Nimewaelekeza wajane wengi njia hiyo, nikiwaandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Mama aliniambia nikae niandike majina ya warithi. Nikaandika lake, langu, la dadangu. Akaniangalia, akangoja. Wako wengine wawili, Kisauni, wa mke wa pili. Hatujazungumza nao tangu maziko.

"Waandike," akasema. Kisha akaingia jikoni.

Jumamosi tunakwenda Kisauni. Simu yao haipatikani, kwa hivyo itabidi tubishe hodi.