Fomati Kubwa: Kinachopimwa ni Filamu

Mtu akisikia "mpiga picha wa fomati kubwa" hudhani anatajiwa picha kubwa za kutundika ukutani. Sivyo. Kinachopimwa ni filamu iliyomo ndani ya kamera. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa negativu ya milimita 24 kwa 36. Fomati kubwa huanzia inchi 4 kwa 5, na negativu ya inchi 8 kwa 10 ina eneo la karibu mara 60 ya ile ya mkanda. Ndiyo maana picha ya bonde zima ikikuzwa hata kufikia ukubwa wa mlango, matawi ya miti ya mbali bado hutambulika.

Wapo wanaopendekeza "umbizo kubwa", lakini umbizo limeshazoeleka kwenye kompyuta kwa maana ya mpangilio wa faili. "Saizi kubwa" nayo humrudisha msomaji kwenye picha ya ukutani. Bora tubaki na "fomati kubwa", na kipande cha filamu tukiite bamba, kwa kuwa hapo zamani kilikuwa kioo kilichopakwa dawa. Mkanda huzungushwa ukatoa picha 36. Bamba hutiwa kamerani moja moja, likatoa picha moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoijenga kazi yenyewe. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo cha ukungu nyuma ya kamera, ambamo mlima huonekana kichwa chini miguu juu. Husogeza lenzi kwa mvukuto mpaka kila kitu kikae sawa, hufunga lenzi, huchomeka bamba, ndipo anapiga.

Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902, aliyajua mabamba hayo vizuri. Aprili 1927 alipanda mlimani Yosemite, California, akiwa na kamera nzito ya mabamba ya kioo. Alipofika mbele ya jabali la Half Dome alikuwa amebakiwa na mabamba mawili. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha manjano, akatambua kwamba anga lingetoka jeupe mno, nalo jabali lingekosa uzito aliouhisi. Kwa bamba la mwisho akaweka kichujio chekundu, kinachozuia mwanga wa buluu, na anga likatoka karibu jeusi. Picha hiyo, "Monolith, the Face of Half Dome", ndiyo iliyomfungulia njia. Tangu hapo alishikilia kwamba mpiga picha sharti aione picha kamili akilini kabla ya kufungua lenzi.

Kwa hiyo kamusi ikija kuiingiza istilahi hii, ieleze hivi: fomati kubwa ni upigaji picha kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 au zaidi, bamba moja kwa picha moja. Ukubwa wa picha iliyosafishwa ni suala la mteja na ukuta wake.