Mzamiaji si aliyezama

Mto Nabuyonga ulipofurika Mbale mwishoni mwa Julai 2022, kama inavyokuwa boti inapopinduka ziwani Jinja, habari zilihitaji maneno mawili yasiyopaswa kuchanganywa: aliyezama na mzamiaji.

Kuzama ni kwenda chini bila hiari. Kuzamia ni kwenda chini kwa makusudi, ukifuata kitu. Kiambishi -i- ndicho kinacholeta hilo lengo. Kazi yenyewe huitwa pia kupiga mbizi. Bandarini, mzamiaji ni pia anayejificha melini asafiri bila nauli, lakini muktadha hutenganisha.

Na kile anachopumulia? Wengi husema regulata. Kidhibiti hewa kinaeleweka zaidi, kwa kuwa kinataja kazi: hushusha mgandamizo wa mtungi, kutoka baa 200 hivi hadi karibu 10, kisha humpa mzamiaji hewa kwa kadiri ya kina alichopo. Mwaka 1943 Émile Gagnan, mhandisi Mfaransa, alirekebisha valvu ya magari yaliyotumia gesi ili mzamiaji Jacques Cousteau apumue majini.

Anayening'iniza mitungi miwili ubavuni huhitaji vidhibiti viwili. Mpira mmoja wa kupitishia hewa huwa na urefu wa mita 2 hivi, ili amgawie mwenzake hewa. Fundi hukifungua kila kidhibiti, hukiosha, hubadilisha oringi (pete za mpira) zilizochakaa na kupima mgandamizo upya.

Wahariri, andikeni mzamiaji na kidhibiti hewa. Anayeshuka kuwatafuta waliozama anastahili jina lililo sahihi.