Mhuri Usioonekana: Jinsi Maandishi ya Kompyuta Yalivyoingia Mahakamani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Viongozi wa madarasa, tafadhalini andikeni ubaoni maneno haya matatu: ushahidi, waraka, metadata. Mawili ya kwanza mnayajua. La tatu tutalifahamu sasa hivi.

Tuanze na kitu ulichokizoea. Ukipokea barua ya posta, kabla hujaifungua waitazama bahasha. Juu yake pana mhuri, nao wakuambia barua ilitiwa posta wapi na siku gani. Mwandishi aweza kusema, "Mimi nilikuletea barua mwezi uliopita." Lakini mhuri ukionyesha siku ya juzi, basi umemsuta. Ndiyo sababu tangu zamani mahakimu hawakutazama maneno ya barua peke yake. Walitazama pia karatasi, wino, mwandiko na mhuri.

Siku hizi barua nyingi huandikwa kwa kompyuta. Hazina mwandiko wa mkono, na watu wengine hudhani kuwa hazina alama yoyote. Sivyo. Kompyuta inapohifadhi waraka, mara nyingi huweka ndani yake habari nyingine usizoziona unaposoma: jina lililoandikishwa katika kompyuta ile, siku na saa waraka ulipoanzwa, na siku ulipobadilishwa mara ya mwisho. Habari hizo ndizo zinazoitwa metadata. Ni mhuri wa posta, ila hauonekani kwa macho mpaka uutafute.

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Kansas, mwaka 2005. Katika mwaka huo mmoja na jimbo hilo moja yalitokea mambo mawili yaliyowafundisha watu wengi maana ya mhuri huo.

Jambo la kwanza lilitokea katika mji wa Wichita. Kutoka mwaka 1974 hadi 1991 mtu mmoja aliwaua watu 10 katika mji huo na jirani yake. Alipeleka barua za kujisifu kwa polisi na magazeti, kisha akanyamaza miaka mingi. Mwaka 2004 akaanza tena kuandika. Akawauliza polisi: je, nikiwaletea maandishi katika disketi, mtaweza kunijua? Disketi ni kisahani chembamba kilichotumiwa zamani kuhifadhia maandishi ya kompyuta. Polisi wakamjibu kwa tangazo dogo gazetini kwamba haitakuwa na neno. Naye akaamini.

Tarehe 16 Februari 2005 disketi ilifika katika kituo cha televisheni cha mji huo, ikapelekwa polisi. Wakaikagua. Ndani yake walikuta mabaki ya waraka mwingine uliokuwa umefutwa. Waraka ulifutwa, lakini mhuri wake ulibaki. Ulionyesha jina la kanisa, Christ Lutheran Church, na jina la mtu aliyeubadilisha mwisho: Dennis. Polisi wakatafuta katika intaneti, wakaona kuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo aliitwa Dennis Rader.

Je, walimkamata papo hapo? La. Jina peke yake halikutosha. Walipima kwanza vinasaba vya jamaa yake wa karibu, wakavilinganisha na vile vilivyohifadhiwa tangu siku za mauaji. Vilipoonyesha ukoo mmoja, ndipo walipomkamata, tarehe 25 Februari. Mwezi wa Juni alikiri makosa yake yote, na mwezi wa Agosti akahukumiwa vifungo 10 vya maisha.

Jambo la pili halikuhusu mauaji, lilihusu kazi. Wafanyakazi waliopunguzwa katika kampuni ya simu ya Sprint walishitaki mbele ya mahakama ya serikali kuu ya Marekani huko Kansas. Walidai kuwa waliondolewa kwa ajili ya umri wao. Wakaomba wapewe majedwali ya kompyuta yaliyotumiwa katika kupunguza watu. Kampuni ikayatoa, lakini ilikuwa imeyafuta metadata na kufunga baadhi ya tarakimu zisiweze kuchunguzwa. Ni kama mtu akuletee barua bila bahasha yake. Mwezi wa Septemba 2005 Hakimu David Waxse aliamua kuwa mwenye kuamriwa kutoa nyaraka za kompyuta kama zilivyowekwa hana budi kuzitoa pamoja na metadata yake, isipokuwa amepinga kwa wakati na kutoa sababu. Uamuzi huo haukusema ni nani mwenye haki katika kesi. Ulisema tu kwamba mhuri ni sehemu ya barua. Tarehe 1 Desemba 2006 kanuni za mahakama hizo zilibadilishwa, zikataja wazi habari zinazohifadhiwa kwa kompyuta.

Jambo hili limefika kwetu pia. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015. Sheria hiyo yakubali ushahidi wa kompyuta na simu, lakini yaitaka mahakama itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na jinsi mwenye kuutoa alivyotambuliwa.

Nawe, ndugu mwanafunzi, angalia mambo mawili. Kwanza, mhuri huu waweza kukosea. Ukiandikiwa barua dukani, jina lililomo laweza kuwa la mwenye duka. Saa ya kompyuta yaweza kuwa mbovu, na mjanja aweza kuibadilisha. Kumbuka polisi wa Wichita: walitafuta ushahidi wa pili. Pili, ukiletewa ujumbe wa mkataba au wa deni, usiufute, wala usitosheke na nakala ya karatasi. Uhifadhi kama ulivyokuja.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini jina la Dennis peke yake halikutosha?
2. Wafanyakazi wale wangepoteza nini kama metadata isingetolewa?
3. Je, unao waraka nyumbani ambao siku yake ya kuandikwa ni muhimu? Ungeithibitishaje?